Gari Linajizima Kwenye Foleni: Mwongozo Kamili wa Kuondoa Mfumo Huo kwa Madereva wa Mbeya, Iringa na Njombe

Gari limeshuka bandarini Dar, limepanda Kitonga bila kelele, limefika Mbeya. Kesho yake umesimama Mafiati unasubiri malori yapite, enjini inazima yenyewe. Redio inaendelea kuimba, taa za dashibodi zinawaka, ila mlio hakuna. Unaachia breki kidogo, enjini inanguruma tena kama hakuna kilichotokea.

Ukienda gereji kwa haraka utapewa majibu ya kila aina: pampu ya mafuta imechoka, plagi zibadilishwe, kontroboksi (kompyuta ya gari) ina shoti. Huenda gari lako halina ugonjwa wowote. Magari mengi ya Japani na Ulaya ya kuanzia mwaka 2010 na kuendelea yametengenezwa hivyo makusudi: yakisimama, enjini inajizima ili kuokoa mafuta na kupunguza moshi, dereva akitaka kuondoka, inajiwasha. Mazda wanauita mfumo huu i-stop, na wameuweka kwenye magari yao tangu 2009. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi, kwa sababu Toyota waliwahi kulijaribu kwenye Crown miaka ya 1970.

Hapa naeleza namna ya kuuzima mfumo huo, kuanzia njia isiyogusa hata skrubu moja hadi ile ya kutumia kompyuta. Msimamo wangu nausema mapema: chagua njia ambayo kesho ukitaka unaweza kuirudisha gari lilivyokuwa. Fundi anayekuja na koleo la kukata waya kabla hajakuuliza aina ya gari, mwache aendelee na wateja wengine.

Kwanza hakikisha ni mfumo, si ubovu

Tafuta kwenye dashibodi alama ya herufi A iliyozungukwa na mshale wa duara. Enjini ikijizima kwa utaratibu, alama hiyo huwaka, mara nyingi kwa rangi ya kijani. Mshale wa mzunguko wa enjini unalala sifuri, lakini taa nyekundu za betri na oili hazitokei. Ukilegeza mguu kwenye breki, enjini inawaka kabla mguu haujafika kwenye mafuta. Kwenye gari la manyuo, inawaka ukikanyaga klachi.

Kama gari linazima wakati linatembea, au likishazima linakulazimu kugeuza funguo upya, au linazima huku taa nyekundu zikiwaka, huo ni ubovu na mwongozo huu haukuhusu. Nenda kwa fundi akaangalie mfumo wa hewa, mafuta na umeme.

Na kama gari lako ni Aqua, Prius, Fit Hybrid au Note e-Power, ishia hapa. Kwenye haibridi enjini kuzima na kuwaka ndiyo kazi yake ya kila siku, na gari linaondoka kwa mota ya umeme. Hakuna cha kuondoa. Wapo waliolipa mafundi watafute "tatizo" hilo kwenye Aqua, na pesa ikaenda.

Kwa nini linazima Kyela halizimi Mbeya

Hili ndilo linalowachanganya watu wa huku kuliko yote. Mtu ana gari lake Mbeya miezi mitatu, halijawahi kujizima. Anashuka Kyela kwenye msiba, gari linaanza kuzima kila likisimama. Anaamini limeharibikia njiani.

Mfumo huu hauzimi enjini ovyo. Kabla ya kuzima, kompyuta ya gari inakagua orodha ndefu: enjini imepata joto, betri ina chaji ya kutosha, mkanda wa dereva umefungwa, mlango wa dereva na boneti vimefungwa, usukani haujakatwa sana, AC haihitaji nguvu nyingi, gari halijasimama kwenye mteremko mkali. Kimoja kikikosekana, enjini inaendelea kuwaka. Kwenye orodha hiyo magari kadhaa, Toyota na Mazda yakiwamo, yameweka pia mwinuko kutoka usawa wa bahari.

Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Kyela iko karibu mita 500. Huku juu kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 tu ya ile ya pwani. Na breki za gari zinategemea hewa: kile kibuyu cha breki kilichoko nyuma ya injini kinakusaidia kukanyaga kwa kutumia tofauti kati ya ombwe ambalo enjini inalitengeneza na hewa ya nje. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, msaada unapungua. Enjini ikiwa imezima, ombwe halitengenezwi tena, na kila ukikanyaga na kuachia breki unatumia akiba. Kwa hiyo kompyuta inaona ni salama zaidi kuacha enjini iwake.

Maana yake ni kwamba ukikaa Mbeya mjini, Iringa au Njombe, gari lako linaweza kuwa linaukataa mfumo lenyewe muda mwingi, na wewe hujui. Angalia kwanza linazima mara ngapi na wapi. Kama ni pale tu unaposhuka Kyela, Usangu au Dar, huna haja ya kununua kifaa chochote. Kitufe cha kuuzima, nitakachokieleza chini, kitakutosha.

Sababu nyingine ya kutokuzima ni betri iliyochoka, na nitairudia chini kwa sababu ina mtego wake.

Je, kuna haja ya kuuondoa?

Hesabu ni rahisi. Enjini ndogo ya lita moja mpaka moja na nusu, ikiwaka gari limesimama, inakula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Kama kwa siku unasimama jumla ya robo saa kati ya Uyole na Mwanjelwa, mfumo unakuokolea kama glasi moja ya mafuta, labda nusu. Kwa teksi ya Dar inayosota kwenye foleni asubuhi mpaka jioni ni pesa ya maana. Kwa mwalimu anayetoka Iyunga kwenda Soweto na kurudi, si kitu.

Upande wa pili kuna betri. Magari haya yanatumia betri maalumu yenye bei kubwa kuliko ya kawaida, na safari fupi fupi za mjini, baridi ya Juni na Julai, taa na hita vikiwaka, zote zinaichosha. Kuna pia kero tupu: bajaji nyuma yako ikisikia enjini imezima tayari inapiga honi, na kwenye makutano yasiyo na taa unataka kuchomoka mara moja ukipata nafasi.

Sababu moja ambayo siikubali ni ile ya "itaua stata". Stata za magari haya zimeimarishwa kwa kazi hiyo. Mazda ndiyo wamekwenda mbali zaidi: i-stop inasimamisha pistoni mahali pake, kisha inapuliza mafuta ndani ya silinda na kuyawasha, stata inasaidia tu, na enjini inarudi kwa takriban sekunde 0.35. Ukiuondoa mfumo, uondoe kwa sababu unakukera au kwa sababu ya betri. Stata mwache apumzike na lawama.

Njia ya kwanza: kitufe

Karibu kila gari lenye mfumo huu lina kitufe cha kuuzima. Mara nyingi kina ile ile herufi A ndani ya mshale wa duara, pamoja na neno OFF. Kwenye magari ya Japani ya usukani wa kulia, kitafute kulia kwa usukani, chini ya tundu la hewa, pamoja na vitufe vya taa na vioo vya pembeni. Kwenye magari ya Kijerumani mara nyingi kiko katikati, karibu na gia au karibu na kile cha kuwashia gari. Mercedes nyingi wameandika ECO.

Washa gari, bonyeza. Taa ya rangi ya chungwa itawaka kwenye kitufe au kwenye dashibodi kuonyesha kwamba mfumo umezimwa. Kwenye Mazda shikilia kitufe mpaka usikie mlio. Ukigusa na kuachia haraka unaweza kudhani umezima kumbe bado. Ile taa ya chungwa haina ubaya wowote, isikupeleke gereji.

Shida ya kitufe unaijua: ukizima gari na kuliwasha tena, mfumo umerudi. Watengenezaji wamefanya hivyo makusudi, kwa sababu vipimo vya ulaji wa mafuta vinafanyika mfumo ukiwa umewashwa. Kwa wengi tabia ya kubonyeza kitufe mara tu baada ya kufunga mkanda inatosha, na haigharimu chochote. Jizoeze kwa muda kabla ya kufikiria njia nyingine.

Kama maandishi ya dashibodi ni ya Kijapani, elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri. Baadhi ya magari yana ukurasa wa mipangilio wa kubadili muda wa kujizima au kuufuta mfumo kabisa, na mwenye gari anakaa nao miaka bila kujua kwa sababu hajui kusoma.

Njia ya pili: mguu, gia na hewa ya kioo cha mbele

Hii ni ya dereva anayependa kuamua mwenyewe lini gari lizime. Magari mengi ya otomatiki yanazima pale tu breki inapokanyagwa kwa nguvu kiasi fulani. Ukisimama kwa kukanyaga taratibu, kiasi cha kulizuia gari lisisogee, enjini inabaki inawaka. Ukitaka izime, ongeza mguu. Jaribu kwenye uwanja tambarare mpaka mguu ujue mpaka uko wapi. Usijaribie kwenye mteremko wa Ipogolo.

Kwenye manyuo ni rahisi zaidi: mfumo unazima ukiweka nyutro na kuachia klachi. Ukibaki umekanyaga klachi gia ikiwa ndani, hauzimi. Kwa foleni fupi inafaa, ila ukiifanya desturi unachosha klachi.

Kuna na kitufe cha kupuliza kioo cha mbele. Ukikiwasha, magari mengi yanaacha kujizima kwa sababu AC inahitaji enjini ili kukausha ukungu. Asubuhi ya ukungu pale Uyole au Makambako unakiwasha hata bila kufikiria, na ndiyo maana asubuhi hizo gari halizimi. Baadhi ya magari yanaacha pia ukiweka mwendo wa kispoti. Jaribu, ila ujue mwendo huo unaweza kuongeza ulaji wa mafuta, na hapo umeondoa faida yote.

Usifungue mkanda ili kuudanganya mfumo. Kuna watu wanaendesha na kipande cha chuma kimechomekwa kwenye kishikizo cha mkanda au wanaupitisha mgongoni. Kwa barabara ya TANZAM na malori yake, hiyo si njia ya kuokoa betri.

Njia ya tatu: kifaa kinachokubonyezea kitufe

Kwa aliyechoka kubonyeza kila siku, hii ndiyo njia ninayoipenda. Ni kiboksi kidogo chenye soketi mbili. Kinakaa nyuma ya kitufe, kati ya kitufe na waya zake za asili. Ukiwasha gari, kinasubiri sekunde chache kisha kinatuma ishara ile ile ambayo kidole chako kingetuma. Vingine vinakumbuka hali ya mwisho: ulizima mfumo jana, leo unabaki umezimwa, ukibonyeza kitufe unarudi. Hakuna waya unaokatwa. Ukiuza gari, unakichomoa.

Sharti lake ni kununua kinacholingana na gari lako kabisa. Jina la gari halitoshi. Soma namba ya chesisi kwenye kibati cha gari au kwenye kadi: Demio ya petroli ya 1.3 itaanza na DJ3FS, Vitz ya 1.3 ni NSP130, Note ni E12, Swift ya kizazi kilichoanza 2010 ni ZC72S. Mtumie muuzaji namba hiyo pamoja na mwaka wa gari na picha ya kitufe chako. Kwenye gari lile lile lililobadilishwa sura katikati ya uzalishaji, soketi inaweza kuwa tofauti.

Kukifunga si kazi ya siku nzima, ila ina utaratibu wake.

Zima gari kabisa, toa funguo, kama ni la kubonyeza peleka funguo mbali na gari. Kaa dakika kadhaa ili mifumo ilale. Tandika kitambaa, chukua kibanzi cha plastiki cha kufungulia paneli (bisibisi ya chuma itakuachia alama kwenye dashibodi ambayo utaiangalia kila siku), anzia kona ya chini ya paneli yenye vitufe na uivute taratibu kuja kwako. Inashikwa na vibanio vya plastiki. Vikitoa sauti ya kukatika usiogope, ila visivutwe kwa hasira, hasa asubuhi ya baridi ambapo plastiki imekakamaa. Washa hita dakika chache kabla ya kuanza, paneli italainika.

Ukishaifungua, usiiache ining'inie kwa waya zake. Tafuta waya wa kitufe chenye herufi A. Bonyeza kibanio cha soketi na uivute kwa kushika soketi yenyewe, si waya. Waya wowote au soketi yoyote ya rangi ya njano usiiguse. Hiyo ni ya mifuko ya hewa. Chomeka soketi moja ya kifaa kwenye kitufe, na ya pili kwenye waya wa gari. Zikikataa kuingia, usilazimishe: umenunua kisicho chako.

Sasa washa gari kabla ya kurudisha paneli. Subiri. Taa ya chungwa ikijiwasha yenyewe, kazi imekubali. Zima, washa tena mara mbili tatu. Halafu kifunge kiboksi kwa sponji au mkanda wa kitambaa kisigonge plastiki, kwa sababu kitu kidogo kinacholia ndani ya dashibodi kwenye barabara ya vumbi kinaweza kukutoa roho. Rudisha paneli.

Onyo kwa wanaotaka kuiga kwa kuunganisha waya mbili za kitufe moja kwa moja zibaki zimegusana: kitufe hiki ni cha kubonyeza na kuachia. Waya zikigusana muda wote, magari mengi yanaona kitufe kimekwama, yanaandika kosa, na mengine yanapuuza kitufe chenyewe.

Njia ya nne: kompyuta

Magari ya Ulaya yanakubali zaidi njia hii. Kwenye kundi la Volkswagen, yaani VW, Audi na Skoda, kuna thamani ya umeme wa betri ambayo chini yake gari halijizimi. Kiwandani imewekwa volti 7.6. Fundi mwenye kifaa sahihi anaipandisha mpaka 12.1, na kuanzia hapo gari linaona kwamba betri haijafikia kiwango cha kuruhusu enjini izime. Betri haijaguswa, namba tu ndiyo imebadilika. Kwenye BMW unabadilisha mpangilio ili gari likumbuke chaguo lako la mwisho la kitufe, na hilo ni safi zaidi.

Masharti mawili. La kwanza, piga picha ya skrini yenye thamani ya zamani kabla haijabadilishwa, uihifadhi kwenye simu yako na si ya fundi peke yake. La pili, betri iwe imeunganishwa na chaja wakati wa kazi. Umeme ukishuka katikati ya kuandika kwenye kontroboksi, unaweza kuondoka gereji umebebwa na gari la kuvuta.

Vile vidude vidogo vya bluetooth vinavyochomekwa chini ya usukani vinasoma makosa vizuri. Vingi haviwezi kuandika. Fundi akikuambia atafanya kazi hii kwa kidude hicho na programu ya bure, mwombe akuonyeshe kwanza thamani yenyewe kwenye skrini. Asipoiona, hataibadilisha.

Njia za mkato za gereji

Inayotumika sana ni kuchomoa swichi ya boneti. Pale kwenye komeo la boneti kuna swichi ndogo inayoliambia gari kama boneti iko wazi. Ukiichomoa soketi, kwenye baadhi ya magari kompyuta inaamini boneti iko wazi na haizimi enjini tena. Inafanya kazi, inarudishika, haina gharama. Ila kwenye magari mengine alamu inagoma au inapiga kelele usiku, na taa ya i-stop inabaki ikimeta. Ukichagua njia hii, funika soketi iliyochomolewa kwa mfuko na mkanda isiingie maji. Iko mbele kabisa, inapigwa na mvua na tope.

Nyingine ni kuchomoa sensa iliyoko kwenye teminali hasi ya betri. Hii siipendi. Sensa hiyo ndiyo inaliambia gari lichaji kiasi gani. Bila hiyo gari linachaji kwa kubahatisha na linaandika kosa, na siku ukiwa na tatizo la kweli la umeme utakuwa umeshaficha dalili.

Kuchomoa fyuzi usikubali hata kidogo. Mara nyingi hakuna fyuzi ya mfumo huu peke yake. Unayoichomoa inahudumia na vitu vingine.

Betri, na ule mtego niliousema

Magari mengi ya huku yameacha kujizima siku nyingi bila mtu kuyagusa. Betri imechoka, kompyuta imeona, imekataa kuzima enjini. Mwenye gari anafurahi. Kisha asubuhi moja ya Julai stata inatoa sauti ya kijiko kwenye sufuria, anasaidiwa kubusti na jirani, ananunua betri mpya, na kumbe amenunua na ile kero pamoja nayo. Kwa hiyo mfumo ukikoma wenyewe, au alama ya A ikianza kumeta kwa rangi ya chungwa, pima betri.

Ipime asubuhi kabla ya kuwasha gari, kwa multimita (kipima umeme). Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na kwa gari la aina hii tayari ni ya kutia shaka. Washa gari: usomaji unapaswa kupanda, kwa kawaida kati ya 13.5 na 14.5. Kwenye baadhi ya magari haya alternata inapunguza chaji ukiwa mwendoni ili kuokoa mafuta, kwa hiyo usimhukumu alternata kwa namba moja.

Ukinunua, soma herufi juu ya betri ya zamani. Betri za Kijapani za mfumo huu zina alama kama M-42, N-55, Q-85 au S-95. M-42 ni ya magari madogo, Q-85 iko kwenye Mazda nyingi za petroli. Herufi R mwishoni inahusu upande ambao teminali zimekaa. Ukikosea, waya hazifiki. Muuzaji asiyejua alama hizi atakupa ya kawaida yenye umbo linalofanana, kwa mfano D23 mahali pa Q-85. Itaingia na gari litawaka. Lakini kama mfumo haujazimwa kabisa, betri hiyo ya kawaida haitadumu, kwa sababu haikutengenezwa kwa kuwashwa mara kwa mara na kubeba taa, redio na feni enjini ikiwa imezima.

Je, ukishauzima mfumo moja kwa moja unaweza kuweka ya kawaida? Itafanya kazi, na wengi wanafanya. Mimi ningebaki na aina inayotakiwa, kwa sababu mfumo wa kuchaji wa gari bado umepangwa kwa betri ile. Na kumbuka baadhi ya magari yana betri mbili, kama Mazda za mwanzo zenye i-stop na Nissan Serena ya S-Hybrid. Ukibadili moja na kuisahau nyingine, utalaumu duka bure. Kwenye BMW betri mpya inasajiliwa kwa kompyuta. Kwenye baadhi ya Kijapani kumbukumbu ya betri inafutwa upya na fundi ili gari lijue lina betri changa.

Baada ya kazi, fanya majaribio haya

Endesha mpaka enjini ipate joto kamili, kwa sababu enjini baridi haijizimi hata mfumo ukiwa hai, na utadhani umefaulu. Tafuta tambarare, simama, kanyaga breki kwa nguvu, hesabu mpaka kumi. Rudia mara kadhaa. Zima gari, ondoa funguo, washa, rudia. Kisha angalia dashibodi: taa ya enjini, ya ABS na ya mifuko ya hewa zote ziwe zimezimika. Moja ikiwaka ambayo haikuwepo, rudisha kifaa nyuma kwanza, ndipo uulize maswali.

Kama unakaa Mbeya, jaribio la kweli ni siku utakayoshuka. Mwinuko wa mjini unaweza kuwa ndio uliokuwa unazuia enjini isizime, na kifaa chako hakijafanya lolote. Ukifika Kyela au Ruaha Mbuyuni, simama pembeni mahali salama ujaribu tena.

Mpaka siku hiyo, au kama umeamua kubaki na kitufe, mambo mawili ya usalama. Usifungue boneti gari likiwa limejizima huku funguo iko kwenye kuwasha. Mfumo umetengenezwa usiwashe enjini boneti ikiwa wazi, lakini ukiwa na gari ambalo swichi ya boneti imechezewa na mtu kabla yako, mkono wako uko karibu na feni na mkanda.

La pili ni sheli. Mhudumu anakuja dirishani:

"Zima gari, kaka."

"Limezima."

"Zima kabisa."

Yeye ndiye yuko sahihi. Gari lililojizima bado liko kwenye kuwasha, na mguu ukiteleza kwenye breki enjini inanguruma na bomba likiwa kwenye tanki. Ukifika pampu, weka P, bonyeza kitufe cha kuzima au geuza funguo mpaka mwisho, na hakikisha dashibodi imekuwa nyeusi. Fanya hivyo hivyo kabla ya kushuka dukani pale Mwanjelwa. Gari linaloonekana limezima kumbe taa na feni vinakula betri taratibu ndilo linalokufanya utafute waya wa kubusti jioni, mvua ikinyesha.